Kabla wageni hawajashika mwiko: tuliyojifunza katika kujenga nyumba za kaya maskini Kigoma

Kundi la kujitolea kutoka nje hukaa wiki mbili. Tofali la udongo na saruji linataka siku 28 ndipo likomae. Lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, inataka walau siku 7 kabla ya kubebeshwa paa, na mirunda inayoishikilia juu ya milango na madirisha haiguswi mpaka siku ya 14. Ukiziweka hesabu hizi pamoja, utaona chanzo cha kasoro nyingi za nyumba za msaada zilizosimama vijijini Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Uvinza. Wageni wanashuka Jumapili, Jumatatu wanataka kupanga tofali, na Ijumaa ya wiki ya pili wanataka kupiga picha mbele ya nyumba iliyoezekwa. Nyumba haiwezi kwenda hivyo. Ikilazimishwa itaezekwa, ndiyo, lakini mwezi wa pili wa masika nyufa zinaanza kushuka kwenye pembe za madirisha.

Ndiyo maana yote tunayoandika hapa yana shina moja: nyumba ya kujitolea huamuliwa na miezi mitatu kabla ya wageni kufika, na mwezi mmoja baada ya kuondoka. Zile wiki mbili za katikati ni kipande kidogo cha kazi.

Mtindo huu wa mtu kuvuka bahari akamjengee asiyemjua haukuanzia mbali na sisi kama wengi wanavyodhani. Millard na Linda Fuller, Wamarekani walioanzisha shirika la Habitat for Humanity mwaka 1976, walikuwa wametoka kuishi Mbandaka, Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), tangu mwaka 1973. Huko ndiko walikojaribu wazo la familia kujenga pamoja na majirani, kisha kulipia nyumba kidogo kidogo bila faida juu yake. Mbandaka iko kando ya mto Kongo, na maji yanayotoka Ziwa Tanganyika kwa mto Lukuga huishia kupita hapohapo. Tumelitaja hilo kwa sababu sehemu ya wazo lile inayosahaulika haraka ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi: mwenye nyumba anachanga jasho lake, na nyumba haishushwi kwake kama mzigo wa zawadi.

Kaya, kiwanja na karatasi

Kazi ya kwanza haina mwiko. Ni kuchagua kaya, na huo uchaguzi ufanywe kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya watu. Usifanywe ofisini na watu watatu. Orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inasaidia kuanzia, lakini isiwe msahafu. Wapo wajane na wazee wanaolea wajukuu ambao orodha iliwapita. Jina likisomwa hadharani na majirani wakalikubali, ulinzi wa nyumba unaanzia pale. Jina likitoka kimyakimya, utasikia matofali yamepungua usiku na hakuna aliyeona kitu.

Baada ya jina, ardhi. Hili ndilo linalowaumiza wajane kuliko yote. Nyumba inajengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa marehemu mume, mabati yanang'aa, na mwaka haujaisha shemeji anakuja kudai kuwa eneo ni lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na kifungu chake cha 20 kinazibatilisha mila zinazomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo. Sheria ipo, ila haitembei yenyewe. Kabla hata jiwe moja halijasombwa, wazee wa ukoo wakae na serikali ya kijiji, mipaka ipitiwe kwa miguu na majirani wa pande zote nne, na ombi la hati ya hakimiliki ya kimila liandikwe kwa jina la mama mwenyewe. Hati ikichelewa, uwepo walau muhtasari wa kikao wenye saini na muhuri wa kijiji. Mradi usio na karatasi hiyo tunausimamisha, hata kama wageni wameshakata tiketi.

Kiwanja chenyewe kiangaliwe wakati wa mvua, maana kiangazi kila mahali panaonekana pazuri. Udongo mweusi wa mbugani hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi unafuata. Kando ya ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni zibaki bila shughuli. Waliolipuuza hilo walilikumbuka mwaka 2020 na 2021, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani. Choo nacho kipimwe sasa hivi, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko.

Udongo na mashine

Kigoma tumezoea tofali la kuchoma, na ni tofali zuri likiiva. Shida yake ni kuni. Kila tanuri linakula miti, na milima ya Kasulu na Kibondo imeshabeba mzigo mkubwa wa ukataji kwa miaka mingi. Kwa nyumba za kujitolea tunapendelea tofali la kufungamana, lile la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi, na ukutani halihitaji udongo wa kuunganishia isipokuwa kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali, na sehemu chache. Kuna faida nyingine kwa kazi ya kujitolea: mtu ambaye hajawahi kushika mwiko anaweza kufundishwa mashine hii kwa nusu siku.

Tofali letu lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 7, yenye vyumba viwili na sebule: kuta za nje na za ndani zinafika mita 38 hivi kwa urefu, na kimo ni mita 2.7. Ukitoa milango, madirisha na nafasi ya lenta, unabakiwa na mita za mraba 80, yaani matofali 2,640. Yatakayovunjika yapo, kwa hiyo fyatua 2,900. Kila moja lina kilo 8 hivi, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya tani 20 za udongo wa kuchimbwa, kuanikwa, kupondwa na kuchekechwa. Hesabu hii waandikie wageni kabla hawajaja, ili wajue wanakuja kufanya nini.

Udongo wa juu wenye mizizi na mboji, sentimita 30 hadi 50, uondolewe na urudishwe shambani kwa mama. Unaotufaa ni wa chini yake. Jaza chupa ya kioo nusu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uiache siku nzima. Mchanga utakaa chini, kisha udongo laini, kisha mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa mwingi mno, tofali litapasuka likikauka. Ukiwa haba, tofali halitashikana hata kutoka kwenye mashine. Udongo mwekundu wa Kasulu mara nyingi unadai kuongezewa mchanga. Udongo wa kichuguu ni mtamu kwa tofali la kuchoma, lakini kwa tofali la saruji una mfinyanzi mwingi. Usiutumie peke yake.

Kipimo cha pili ni cha kisanduku. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, weka kivulini siku 7. Sukuma udongo wote upande mmoja, pima pengo lililobaki. Pengo la sentimita 1 linasema udongo una mchanga wa kutosha na hautaki saruji nyingi. Pengo likikaribia sentimita 5, ama uongeze mchanga ama uongeze saruji, na mchanga ndio rahisi. Kwa udongo wetu wa kawaida tunatumia sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 12 za udongo. Mfuko mmoja wa kilo 50 una lita 35 hivi, kwa hiyo unakwenda na toroli 7 za lita 60 za udongo, toroli ijazwe sawasawa na isiwe na kilima. Hapo mfuko unatoa matofali 70 au kidogo zaidi, na nyumba nzima inataka mifuko 42 kwa matofali tu.

Chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Changanya kukavu, geuza mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa kopo lenye matundu. Usimwage kwa ndoo. Finyanga donge la kujaa kiganja, liachie kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaratika kama unga, bado kavu. Likikaa chini kama ugali, umezidisha.

Kosa la kila kundi jipya liko hapa: wanachanganya mifuko mitatu kwa pamoja asubuhi ili "kuwahi". Saruji ikiguswa na maji inaanza kazi yake, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja umeshapoteza sehemu ya nguvu. Mtu anauona bado una unyevu, anaongeza maji, anaendelea kufyatua. Matofali hayo yanafanana kabisa na mengine, ila ukiyakwaruza kwa msumari baada ya wiki mbili yanatoa vumbi. Changanya mfuko mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.

Kosa la pili ni kujaza mashine kwa kukadiria. Ukijaza kidogo, tofali linatoka na kimo cha sentimita 9.7, ukijaza sana linatoka na 10.3 na bolti za mashine zinalegea. Kwa tofali la kuunganishwa kwa saruji, fundi angeficha tofauti hiyo kwenye kiungo. Kwa tofali la kufungamana hakuna pa kuificha. Chonga kopo moja la kipimo, lifungwe kwa kamba kwenye mashine, na mtu mmoja tu awe wa kujaza. Kila tofali la kumi lipimwe kwa rula.

Tofali likitoka libebwe kwa viganja viwili kwa pande zake, lisishikwe kwenye pembe. Lilazwe kivulini juu ya ardhi iliyosawazishwa, kesho yake lipangwe, ngazi zisizidi tano, lifunikwe kwa nailoni. Linyweshwe asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha libaki limefunikwa. Watu wengi husema saruji "inakauka". Neno hilo limeharibu kazi nyingi. Saruji inakomaa kwa kunywa maji, na ikikauka mapema inabaki mbichi daima.

Watu sita waliozoea hutoa matofali 300 kwa siku kwenye mashine moja. Wageni hutoa 150 kwa siku wiki ya kwanza. Ndiyo maana tunataka angalau nusu ya matofali yafyatuliwe na vijana wa kijiji mwezi wa tano, mvua zikishaisha, kwa ujira halali. Wao ndio watakaobaki na ujuzi, na wakati wageni wakishuka kwenye gari mwezi wa saba kuna matofali yaliyokomaa ya kujengea.

Maji ni kazi ya nani?

Kufyatua, zege, msingi, kunywesha: kwa nyumba moja weka hesabu ya lita 8,000. Hizo ni ndoo 400 za lita 20. Usipopanga nani atazileta, wataleta kina mama na mabinti wa jirani, kichwani, kiangazi, kutoka kisima ambacho kwao wenyewe hakitoshi. Mgeni akimwona mama anashusha ndoo yake ya kumi na anatabasamu, hudhani ni furaha ya kushiriki. Mama anaona haya kukataa. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni rahisi kulizuia: tenga fedha ya maji kwenye bajeti kama unavyotenga ya saruji, kodi guta au gari, weka pipa la lita 1,000 kwenye eneo, na yeyote anayechota alipwe kwa ndoo. Maji ya kunywa ya kaya yasiguswe.

Mgeni ni saidia fundi

Kwenye kila eneo la ujenzi nchini kuna fundi na kuna saidia fundi. Saidia fundi anachekecha, anachanganya zege, anasogeza tofali, ananywesha. Ni kazi ya heshima, na bila yeye fundi anakaa. Hapo ndipo mgeni anapofaa. Daktari wa meno kutoka Marekani au mwanafunzi kutoka Ujerumani hawezi kuwa fundi uashi kwa siku kumi, na kumkabidhi pembe ya nyumba kwa sababu amesafiri mbali ni kumwonea mwenye nyumba. Tunaweka fundi mmoja kwa wageni wanne, na wasiozidi kumi na wawili kwa nyumba. Wakizidi, wanagongana na toroli.

Kuna sehemu nne ambazo mgeni haachiwi peke yake: kona, kozi ya kwanza, nondo za lenta, na vifungo vya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Fundi akibomoa alichojenga mgeni, abomoe mchana mbele yake na amweleze kwa nini. Kusubiri mpaka wageni warudi hotelini ndipo kurekebisha kunawanyima kujifunza, na fundi anafanya kazi mara mbili bila malipo.

Kazi ianze saa 1 asubuhi, chai na mihogo saa 4, wageni wapumzike saa 8. Jua la mwezi wa nane si la mchezo. Kila anayegusa zege avae glavu na buti. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole, mtu hasikii mpaka jioni, hasa magotini alikopiga magoti juu ya jamvi, yaani zege la sakafu. Ikimgusa, aoshe kwa maji mengi papo hapo. Chandarua kila usiku, dawa ya kukinga malaria kama daktari alivyoelekeza, na kuogelea ziwani waulize kwanza wenyeji, maana kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe.

Karatasi za wageni nazo ni kazi ya kabla. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata ya bure. Mwenye kukaa kwa muda kama mtu wa kujitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C, na shirika mwenyeji ndilo linaloshughulikia. Wanaotaka kujenga kwenye kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, wajue huko ni utaratibu mwingine kabisa: kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na aina ya makazi inaamuliwa na serikali na mashirika yaliyopewa kazi hiyo.

Kutoka kamba mpaka lenta

Msingi usisubiri wageni. Mafundi wauchimbe na kuujenga mapema, upana sentimita 60, kina 70 au mpaka ufike udongo mgumu. Pembe zipimwe kwa 3, 4, 5 (mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 ya kukatisha), halafu uzithibitishe kwa kamba ya kona kwa kona: kwa nyumba ya mita 6 kwa 7, pande zote mbili zisome mita 9 na sentimita 22. Zikitofautiana kwa sentimita 2, rekebisha sasa, maana paa litakukumbusha. Mawe yapande mpaka sentimita 40 juu ya ardhi, kwa sababu mvua yetu inarusha matope ukutani. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 zilizonyunyizwa maji, nailoni itandazwe, ndipo jamvi limwagwe. Jamvi la sentimita 7.5 linakula mifuko 14 ya saruji.

Kozi ya kwanza ndiyo nyumba. Inalazwa kwenye saruji na mchanga, 1 kwa 4, kwa kamba na pima maji, na inaweza kuchukua siku nzima. Usihuzunike. Kozi 24 zinazofuata zinapangwa bila saruji, na kila moja inaiga ile ya kwanza. Ikilala kwa milimita 3 hapa, juu utakuta ukuta umeegemea. Wageni wakipanga, wapewe brashi: punje moja ya mchanga chini ya tofali inatosha kuliinua. Kila kozi nne, timazi ishushwe kwenye kona zote. Matundu ya matofali ya kona na ya pembeni mwa milango yatiwe nondo ya milimita 12 na kujazwa uji wa saruji na mchanga, kidogo kidogo, kila kozi chache.

Kuhusu lenta hatukubali majadiliano. Wafadhili wengi huuliza kama inaweza kuwekwa juu ya milango tu ili kupunguza gharama. Tuko kwenye bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga upande wa Kongo wa ziwa hili, na la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la 5.9 tu, liliangusha nyumba nyingi na kuua watu. Ukuta usio na mkanda wa zege unafunguka kwenye kona kama boksi lililochanika. Kwa hiyo lenta izunguke kuta zote, za nje na za ndani, upana 15, kimo 20, nondo nne za milimita 12 na ringi za kuzifunga pamoja kila sentimita 20. Kwa nyumba yetu hiyo ni nondo 14 za mita 12, ringi 190 na mifuko 8 ya saruji kwa zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto).

Mafundi wenyewe hukosea kwenye kona. Nondo mbili zinaishia konani, kila moja upande wake, zikafungwa kwa waya basi. Hiyo haishiki. Nondo ipinde kona na iendelee upande wa pili kwa sentimita 60, na pale nondo mbili zinapoungana zipishane kwa urefu huohuo. Zege limwagwe siku moja bila kuacha katikati, lishindiliwe kwa kipande cha nondo ili lisibaki na mashimo. Usisahau kuchomeka vipande vya nondo ya milimita 6 vinavyochomoza juu sentimita 40, kila mahali kenchi itakapokaa. Vikisahaulika hakuna dawa nzuri baadaye.

Nyumba mbili kwa foleni

Sasa rudi kwenye ile kalenda. Lenta imemwagwa siku ya tisa, wageni wanaondoka siku ya kumi na nne. Kila kundi linaomba kuezeka. Jibu letu ni kupanga nyumba mbili zinazofuatana: kundi la mwezi wa saba linapandisha kuta za nyumba ya pili na kuezeka ya kwanza, ambayo lenta yake ilimwagwa wiki tatu zilizopita. Kundi la mwezi wa nane linaezeka ya pili na kuanza ya tatu. Kila kundi linaona kuta zikipanda na paa likifungwa, na hakuna zege linaloharakishwa. Kwa utaratibu huo mabati yote yamepigwa kufikia katikati ya Septemba, kabla ya upepo unaotangulia mvua za mwanzo.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wageni wengine hawapendi kulisikia. Nauli za watu kumi na wawili kutoka Ulaya au Marekani zinazidi vifaa vya nyumba moja ya aina hii. Kundi linaloleta mikono tu halijaleta kitu ambacho Kigoma imekosa. Lile linalochangia vifaa vya nyumba mbili na ujira wa vijana wanaofundishwa mashine, hilo tunalipokea kwa mikono miwili, na mashine yao ikibaki kijijini na bolti za akiba, mwakani kazi inaendelea hata wasiporudi.

Paa la nyumba yetu linataka kenchi 7 za mbao za inchi 2 kwa 4, zikiachana mita 1.2 hivi, papi (mbao za kupigilia bati) za inchi 2 kwa 2 kila sentimita 90, na mabati 35 ya mita 3. Chukua geji 28. Geji 30 ni nyembamba na mvua ya mawe inaiumiza. Pembetatu za ncha mbili za paa zifungwe kwa mbao au mabati 5 zaidi, zisijengwe kwa tofali, ili uzito ule usikae juu ya vichwa vya watoto siku ardhi ikitikisika. Mbao ziwe zimekauka na zimepakwa dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu. Mbao mbichi inapinda ikiwa imeshapigiliwa, na msumari unachomoka wenyewe. Nondo zile za milimita 6 zikunjwe juu ya kenchi na zipigwe misumari miwili. Paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 pande zote. Ukuta wa udongo na saruji unaishi kwa kuwa mkavu.

Wakishaondoka

Wageni wanaagwa kwa ngoma na migebuka, samaki wa ziwa letu, na kesho yake eneo liko kimya. Hapo ndipo sakafu inapotakiwa kunyweshwa siku 7 nyingine, na mara nyingi hakuna mtu. Andika jina la mhusika, umlipe kwa siku. Sakafu iliyoachwa ikauke juani inachubuka kwa ufagio kabla ya Krismasi.

Familia ihamie ikiwa imefundishwa mambo machache kwa vitendo: kusafisha mfereji kuzunguka msingi, kuvunja njia za mchwa zinazopanda ukutani kila zinapoonekana, kutofunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza. Wapewe matofali 30 yaliyobaki na nusu kilo ya misumari ya bati. Mwenye nyumba aonyeshwe fundi wa jirani aliyeshiriki, amjue kwa jina, ili kasoro ikitokea asisubiri barua pepe kutoka ng'ambo.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, fundi mmoja arudi siku hiyohiyo, maji yakiwa bado yanachuruzika. Azunguke nje aone matope yamerukia kimo gani. Aangalie pembe za madirisha kama kuna ufa wa unywele, auwekee alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, ili mwezi ujao ajue kama umesogea. Kisha aingie ndani amuulize mama wapi panadondoka. Mama akinyoosha kidole juu ya kitanda, fundi apande na asipake lami kwanza. Autafute msumari uliopigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Karibu kila mara anaukuta.